Chai Nilimwaga Mimi, Mlangoni Akakaa Mama Furaha

Nimekosa. Naanza hapo hapo, maana nimeshazunguka vya kutosha. Nilifanya kosa, mtu mwingine akaliungama, nami nikampongeza kwa ujasiri wake! Nilimshika mkono mbele ya kanisa zima nikamwambia, "Mungu akubariki, mama, leo umetufundisha."

Sogea karibu nikueleze taratibu. Mimi ni mtu wa kueleza. Ndiyo karama yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Kwetu Tanzania nilikuwa nafundisha historia. Hapa Durban napanga maboksi ya sabuni katika ghala moja la Mobeni. Jumatatu mpaka Jumamosi jina langu ni "wewe". Wewe, leta toroli! Wewe, boksi hilo si hapo! Lakini Jumapili, katika kanisa letu dogo la Kiswahili pale Greyville, mimi ni Mwalimu. Nasema hili si kwa kujitetea. Nataka tu ujue jina lile lilikuwa tamu kiasi gani mdomoni mwa watu.

Kanisa letu ni duka la zamani la fanicha. Mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye njia ya waenda kwa miguu, hatua chache kutoka kwenye robot, ndivyo wanavyoita hapa taa za barabarani, hivyo ukifika mwisho wa sala magari nayo yanasema amina kwa honi. Wengi wetu ni Wakongo waliokimbia vita, na sisi Watanzania wachache. Huduma inaongozwa na Pasta, mtu mpole mno, ambaye kila nikimpa wazo hujibu, "Mwalimu, wewe ndiye umesoma."

Usimpe mtu kama mimi jibu kama hilo!

Sasa kuna mama mmoja, nitamwita Mama Furaha, ingawa silo jina lake. Ni wa Bukavu, mjane, anasuka nywele saluni mjini. Yeye ndiye anayepiga deki kanisani kila Jumapili asubuhi kabla watu hawajafika. Hakuna aliyempangia. Alikuja siku moja na ndoo yake, na tangu hapo hajaacha.

Na kulikuwa na kinanda. Tulikipata baada ya miaka miwili ya kuimba kwa makofi tu. Siku kilipofika kuna mzee alikibusu.

Jumapili moja ya Januari, lile joto la Durban la kukufanya ujione kama nguo iliyosahauliwa ndani ya maji, nilifika mapema kuliko wote ili nipitie somo langu. Nilikuwa na chupa yangu ya chai ya tangawizi. Nikamimina kikombe. Nikatafuta mahali pa kukiweka.

Meza ilikuwepo! Viti vilikuwepo! Sakafu yote ya Greyville ilikuwepo! Nikakiweka juu ya kinanda.

Nikageuza ukurasa, kiwiko kikapiga kikombe. Chai yote iliingia katikati ya vile vibao vyeupe na vyeusi, na majani yake, na sukari yake vijiko vitatu. Nikatoa leso nikafuta nilichoweza kufuta. Kisha nikakifunika kinanda kwa kitambaa chake, vizuri, kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Nikasema moyoni, kitakauka.

Dakika kumi baadaye akaingia Mama Furaha na ndoo yake. "Bonjour, Mwalimu. Umekuja mapema leo."

"Somo ni zito, mama," nikamjibu.

Unataka kujua somo la siku ile lilikuwa nini? Kuungama! Sikutunga. Lilikuwa limepangwa wiki mbili kabla: jinsi Wakristo wa kwanza walivyoungama na kusameheana.

Ibada ikaanza. Mpiga kinanda akafunua kitambaa, akabonyeza. Kikatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, ikaendelea bila kukoma mpaka mtu akachomoa waya ukutani. Watu wakatazamana. Pasta akauliza kwa upole, "Nani anajua nini kimetokea?"

Mimi nilijua. Nikatazama dari.

Kisha nikasimama kufundisha, na leso iliyolowa chai ikiwa mfukoni, imenigandia pajani. Nami nilifundisha vizuri siku ile, naapa! Nilieleza kwamba katika karne zile za mwanzo mtu aliyekosa hakunong'ona kosa lake gizani. Alisimama mbele ya ndugu zake wote akalisema, kwa sababu kosa la mmoja ni jeraha la mwili mzima. Kisha alikaa nje ya mlango akiwaomba wanaoingia wamwombee. Baada ya muda aliruhusiwa kusimama nyuma asikilize. Kisha kupiga magoti. Kisha kusimama na wenzake bila kushiriki Meza ya Bwana. Na ilipokaribia Pasaka aliwekewa mikono, akarudishwa, watu wakilia kwa furaha. Nilichora hizo ngazi nne kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la sabuni, ili hata mtoto aelewe.

Sikueleza kitu kimoja. Nilikuwa nimesoma wazi kwamba ngazi hizo zilikuwa za makosa makubwa: kuua, kuzini, kuikana imani. Za vinanda sikusoma popote.

Nilipomaliza nikauliza, "Je, leo nani ana ujasiri wa watu wale?"

Akasimama Mama Furaha.

"Niko naomba kusema," alisema. "Ni miye. Asubuhi nilirusha maji na nguvu, sikuangalia. Maji ya ndoo yangu ndiyo iliingia mule. Ni miye niliua ile kinanda. Munisamehe, batu ya Mungu."

Hapo, ndugu yangu! Hapo palihitaji maneno matatu tu: "Hapana, ni mimi." Hata mtoto wa chekechea anaweza kuyasema. Mimi nina diploma ya ualimu, sikuyaweza.

Watu walikuwa wanalia. Nami nililia. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikampa ile pongezi niliyokuambia. Pasta akanigeukia. "Mwalimu, sasa tunafanya nini na yeye?"

Angekuwa mtu mwingine angesema, tumsamehe, twende tukale. Lakini lile boksi lilikuwa limesimama pale na ngazi zake nne! Nikasikia sauti yangu ikisema, kwa upole sana, kwamba ili tusiuchezee msamaha, Mama Furaha akae mlangoni hadi Pasaka.

"Wewe ndiye umesoma," alisema Pasta.

Basi kila Jumapili Mama Furaha alikaa nje kwenye benchi, karibu na mlango, kitambaa kichwani. Kila aliyeingia alimwambia, "Niombee." Alifanya kwa moyo wote. Hata kinanda alikibeba mwenyewe kichwani mpaka kwa fundi wa redio mjini, akarudi nacho, akakiweka pale pale mbele, akasema tu, "Fundi anasema imekufa." Nikashusha pumzi.

Nilidhani mambo yataishia hapo. Sikuwajua watu wetu!

Jumapili ya pili akasimama kinyozi mmoja tunayemwita Papa Sharp, kwa sababu ukimwambia lolote, hata habari ya msiba, hujibu "sharp", yaani safi, kwa lugha ya mitaa ya hapa. Akaungama kwamba alimnyoa mteja mmoja upande upande kwa makusudi kwa sababu ya ubishi wa mpira. Pasta akamwambia kosa hilo ni dogo, akae ndani. Papa Sharp aliona haya! Wiki iliyofuata alirudi na kosa lililoshiba, akapewa benchi, akatoka akipunga mkono kama mgombea.

Ikawa moto. Dada mmoja wa kwaya akaungama kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akifungua mdomo tu bila kuimba. Mwingine alirekodi rumba juu ya kaseti ya kwaya. Bwana mmoja aliungama makosa ya mke wake, kwa kirefu, na mfano juu ya mfano, mpaka mke akasimama akaanza ya bwana. Wote wawili tukawapeleka mlangoni, wakakaa ncha mbili za benchi.

Na waliokuwa hawaji kanisani wakaanza kuja! Nilijisifu kwamba ni uamsho. Walikuja kusikiliza. Mama mmoja alimuuliza jirani yake, na nilimsikia kwa masikio yangu, "Leo ni zamu ya nani? Maana wiki iliyopita haikuwa na chumvi."

Mlangoni nako kulikuwa kuzuri kuliko ndani. Kuna upepo, kuna kivuli, kuna stori. Wapita njia walidhani ni watu wenye shida. Jumapili moja bwana mmoja wa Kihindi aliwaachia bani nzima, ule mkate uliotobolewa ukajazwa maharage ya mchuzi, akawaambia wasikate tamaa. Papa Sharp akamjibu, "Sharp." Ndani tukiwa tunafunga kwa ajili yao, wao nje wanachovya.

Waimbaji wa sauti ya pili wote walikuwa nje. Wa sauti ya kwanza wakawafuata, ikabidi tutoe benchi la pili. Nikiwa nafundisha nilisikia wimbo mtamu ukitoka mlangoni, na humu ndani tukiitikia watu tisa.

Katika yote hayo ni mmoja tu ambaye hakula bani wala hakupiga stori. Mama Furaha alikaa pembeni na kitambaa chake. Nilipopita aliniambia, "Niombee, Mwalimu." Nami nilisimama nikamwombea! Kwa sauti! Nilimwomba Mungu amsaidie kuwa mwangalifu.

Kisha, siku moja ya Februari, alibadilisha. Nilipofika mlangoni aliniangalia usoni akasema, "Mwalimu, niko nakuombea."

Unajua nilifanya nini? Nilimsahihisha! Niliinama nikamwelekeza kwa subira, kama nilivyokuwa nikiwaelekeza wanafunzi wangu. "Mama, taratibu yenyewe ni wewe kuomba sisi tukuombee. Si wewe kutuombea sisi."

"Ah, bon," alisema. "Asante, Mwalimu, kwa kunifundisha."

Na Jumapili iliyofuata akarudia vile vile: "Niko nakuombea." Nikasema moyoni, maskini, hajaenda shule.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mwanzoni mwa Februari mwanawe Mama Furaha alikuwa amepata binti, mtoto wa kwanza, mjukuu wa kwanza. Wakamwita Neema. Hawa ndugu zetu wa Kivu katika kanisa letu wana desturi nzuri: mtoto akitimiza siku arobaini, bibi mzaa baba ndiye anayembeba siku ya kwanza, anavuka naye mlango wa kanisa, anampeleka mpaka mbele. Wanaita kumwingiza mtoto. Mama Furaha alikuwa ameshona kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Alipoondoka Bukavu aliacha kila kitu. Hili alikuwa amelingoja.

Machi, siku arobaini zilipokaribia, kijana wake alikuja kwangu nyumbani, kofia mkononi. "Mwalimu, tunajua mama iko mulangoni. Lakini hii siku moja tu, anaweza kuingia na mutoto? Arudi nje kisha."

Bado nilikuwa na nafasi! Jumapili tano zilikuwa zimebaki hadi Pasaka, na neno langu lilitosha. Lakini niliwaza: nikimfungulia huyu, Papa Sharp naye atataka, na watu watauliza, na wakiuliza sana wataanza kuuliza habari za kinanda. Nikamweleza kijana. Kwa upendo, kwa mifano, karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa ameelewa kila kitu, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Neema aliingizwa na mke wa Pasta.

Mama Furaha alikuwa amevaa kile kitenge kipya. Alikaa palepale kwenye benchi, akanyoosha shingo. Mtoto alilia kuanzia kizingitini mpaka mbele, akalia wakati wa sala, akalia nilipotoa maneno machache kuhusu maana ya siku ile. Walipomrudisha nje, mikononi mwa bibi yake, akanyamaza pale pale. Barabara nzima ilisikia ule ukimya.

Hata hapo sikusema! Niliinamisha kichwa nikatafuta ukurasa.

Jumapili iliyofuata tulikuwa watatu ndani: mimi, Pasta, na mzee mmoja ambaye hasikii. Nikafungua kitabu kufundisha. Pasta akasimama.

"Mwalimu," alisema, "wewe huna kosa? Hata moja?"

"Pasta, leo tunaendelea na ngazi ya tatu..."

"Eish, Mwalimu. Hata mimi niko nalo moja. Ngoja nikaseme na wenzangu." Akamshika yule mzee mkono, wakatoka pamoja.

Nikabaki peke yangu, mtakatifu pekee wa Greyville! Viti vitupu, boksi la ngazi nne, na kinanda chini ya kitambaa. Nje walikuwa wanacheka na kuimba.

Nikasogea nikakifunua. Sisimizi! Msururu mrefu mwembamba ulitoka dirishani, ukashuka ukutani, ukaingia katikati ya vibao vyeupe na vyeusi. Walikuwa wanafuata sukari yangu. Vijiko vitatu. Tangu Januari walikuwa wanakuja kanisani mara nyingi kuliko mimi, na walijua jambo asilolijua mtu yeyote. Ndivyo nilivyodhani.

Nikatoka nje. Nikasimama mbele ya benchi zote, jua likinipiga usoni.

"Ni mimi," nikasema. "Kinanda nilikiua mimi. Si maji ya Mama Furaha. Ni chai yangu."

Papa Sharp akasema, "Chai?"

"Chai ya tangawizi."

"Mwalimu, miezi yote hii... chai tu? Mimi nilidhani umeua mtu!" Wakacheka, benchi zote mbili. Yule mama wa chumvi akatikisa kichwa akasema, "Hii nayo ni ya kutuitia watu?" Walioungama kabla yangu walikuwa wamewazoesha makubwa.

Mama Furaha hakucheka. Alimhamishia Neema bega la pili, akasogea, akapiga benchi kwa kiganja. "Ikala hapa."

Nikaketi. Nikaanza kumweleza, maana ndiyo tabia yangu. Akaniwekea mkono gotini nikanyamaza.

"Najua, Mwalimu. Kwa fundi, walifungua ile kinanda, ndani iko majani ya chai. Fundi ananiambia, mama, wewe unapiga deki na chai? Nikanusa. Tangawizi." Alitabasamu kidogo. "Hapa kanisani ni nani anakunywa tangawizi?"

"Kwa nini hukusema?"

"Kosa haikuwa yangu. Naungama vipi kosa ya mutu mwingine mara mbili?" Akamfunika mtoto kichwa. "Nilisema, Mwalimu atakuja. Ni mutu wa kusoma, atakuja tu. Nikakaa kukungojea. Nikakuombea, wewe ukanikosoa."

Nikamwomba msamaha. Nililia machozi ya kweli, si yale ya Januari.

"Nilikusamehe siku ile ile kwa fundi," alisema. "Hiyo ilishaisha. Lakini Neema, Mwalimu... mutoto haingiye mara ya kwanza mara mbili."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira! Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akavuka mlango na mjukuu wake mgongoni, akaingia ndani ambako hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumwona.

Mimi nikabaki kwenye benchi mpaka Pasaka, na nilistahili. Wengine walirudi ndani mmoja mmoja. Papa Sharp ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alisema dhambi anaiweza, lakini kukaa na mtu anayeeleza kila kitu hapana.

Siku ya Pasaka Pasta aliniwekea mikono, nikaingia. Tukala pamoja. Mama Furaha alikuwa anamimina chai. Alipofika kwangu akanipa kikombe kilichojaa, akasema watu wote wakisikia, "Mwalimu, shika na mikono mbili." Kanisa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Kisha nikamwona Neema ananiangalia kutoka mgongoni mwa bibi yake, nikakiweka kikombe chini, sakafuni.

Ile kadibodi ya ngazi nne niliichana. Kinanda hatujapata kingine. Tunaimba kwa makofi, na nikiitwa kwa jina lile tamu la Mwalimu sasa huwa nashtuka kidogo.

Basi wewe unayesoma, nakusihi kama ndugu. Kama umemwaga, usitafute kitambaa cha kufunikia. Usingoje uwe na maneno mazuri. Mimi nilikuwa nayo yote, na hayakunisaidia kitu. Sema hapo hapo, chai ikiwa bado ya moto.